Mtaimbo wa Sajini Nyaga

Maofisa vijana wa kikosi changu cha zamani waliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya uhandisi jeshini. Nadhani walitarajia mambo ya ushujaa. Niseme mapema, ili anayetaka kufunga karatasi azifunge: katika miaka thelathini na minne ya kuvaa magwanda sikumpiga mtu risasi hata mmoja, na aliyewahi kujaribu kunipiga mimi alinikosa kwa mbali sana. Kazi yangu ilikuwa madaraja. Tuliyajenga, tukayafungua, tukahesabu vyuma vyake, tukavipaka grisi na kuvirudisha stoo. Vyeo sitavitaja, mliviona mabegani. Mshahara nao ni huo huo mnaoulalamikia sasa.

Nilistaafu miezi mitano iliyopita na nimerudi Kianjai, Tigania, kule Meru, katika shamba la marehemu baba yangu. Mke wangu Wawira, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na amestaafu pia, anasema nakagua zizi kama bweni la makurutu na kwamba ng'ombe wameanza kukonda kwa hofu. Huenda ni kweli. Mtu hawezi kuvua miaka yote hiyo pamoja na koti.

Siku yangu ya kwanza kikosini nilifika nikiwa luteni mpya, na daftari jipya, kipimo kipya cha usawa wa ardhi na viatu vilivyong'aa hadi ukajiona. Nilikabidhiwa askari thelathini wa madaraja na sajini mmoja. Sajini Nyaga alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, mzaliwa wa Manyatta kule Embu, umri wake miaka arobaini na kidogo. Alipiga saluti safi kabisa, kisha akavitazama viatu vyangu.

"Afande, hivyo ni vya gwaride. Leo tunaingia matope."

Nilimwambia vitafaa. Kabla ya saa sita mchana kiatu kimoja kilikuwa kimebaki mtoni na mimi nikawa natoa amri nikiwa na soksi. Saa kumi Nyaga aliingia ofisini, akaweka kile kiatu mezani kikiwa kimeoshwa na kukaushwa, akapiga saluti, akatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yake ya kwanza kwangu.

Kwa wasomaji ambao si wahandisi, nieleze daraja letu kwa ufupi. Ni la vipande vya chuma, kila kipande hubebwa na watu sita, na vipande huunganishwa kwa pini nene kama gunzi la mahindi. Daraja lote hujengwa upande mmoja wa mto, juu ya rola, yaani magurudumu mazito ya chuma, halafu linasukumwa hewani hadi pua yake iguse ng'ambo. Kabla halijagusa ng'ambo, uzito wote umekaa juu ya zile rola za upande wenu. Udongo ulio chini ya rola ukikataa, hakuna amri wala maombi yatakayosaidia. Kwa hiyo anayedhani kazi ya daraja ni chuma bado hajaanza kazi. Kazi ya daraja ni udongo.

Mimi nilikuwa na vipimo vya udongo nilivyofundishwa chuoni. Nyaga alikuwa na mtaimbo. Ulikuwa mrefu karibu kama yeye mwenyewe, umelainika mahali pa kushikia kwa sababu ya miaka ya viganja vyake. Alikuwa akitembea ukingoni polepole na kila mahali tulipotaka kuweka rola aliugonga chini mara tatu, huku ameinamisha sikio. Alikuwa anaita jambo hilo kuibishia ardhi hodi. Hodi ya kwanza, alinieleza, huulizi kitu, unasalimia tu. Ya pili unauliza. Ya tatu unahakikisha.

"Kwa nini usigonge mara nne?" nilimuuliza, nikitaka kumchokoza.

"Ardhi ikishakujibu mara tatu, ukirudia tena unaitukana," alisema.

Baada ya hapo alitoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa mbili tu: hapa ndio, au hapa hapana. Hakuwahi kufafanua. Mwezi wa tatu nilichoka kuamriwa na kipande cha chuma. Nilichagua mahali ambapo vipimo vyangu vilisema ni pazuri, yeye akagonga, akanivuta kando askari wasisikie, akaniambia, "Kijana, hapa hapana." Mbele ya watu aliniita afande. Kijana lilikuwa jina la kando, na sikuwahi kulikasirikia, maana hakulitumia ila pale aliponitakia mema. Siku hiyo hata hivyo nilikasirika. Niliagiza lori la maji, likiwa tupu, liegeshwe pale pale ili nimwonyeshe. Lilizama hadi kwenye ekseli. Tulilitoa kwa siku nzima, na Nyaga hakucheka hata mara moja, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Tangu siku ile sikuweka rola kabla ya kusikia neno lake. Nilijinunulia mtaimbo wangu mwenyewe katika duka la vifaa mjini Embu. Aliponiona nao alinifundisha kuushika kwa vidole badala ya ngumi, ili mkono uweze kusikia. Kwa miaka mitatu nilijifunza kwake mengi kuliko niliyojifunza chuoni, na nikiwaambia hivyo maofisa vijana huwa wanatikisa kichwa kwa adabu na kurudi kwenye tarakilishi zao.

Mwaka wa pili tulikuwa tukipita Embu kuchukua mbao, naye akaomba tusimame kwake Manyatta dakika kumi asalimie. Dakika kumi za Manyatta zina chai, nduma, na maswali ya mama mwenye nyumba. Binti yake mkubwa, Wawira, ndiye aliyeleta chai. Aliniuliza kama ni kweli serikali huwaajiri watu wazima wabebe vyuma kuvuka maji halafu wavirudishe walikovitoa. Nikasema ni kweli. Akasema basi sisi hatuna tofauti na watoto wake wa darasa la kwanza, ila wao wana nafuu kwa kuwa hulala mchana. Ndivyo nilivyopata mke. Wazee wa kwetu Tigania waliteremka Manyatta mara mbili, wakasikilizana na wazee wa Embu kila upande ukizungumza lugha yake, na mambo yakaisha vizuri.

Siku ya mwisho ya mazungumzo yale Nyaga alikuja kwangu akiwa na koti la kahawia, akanishika mkono kwa mikono miwili na kuniita muthoni, yaani mkwe. Nilifurahi sana. Sikujua kwamba nimempata baba mkwe na kumpoteza sajini.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho vitabu vya jeshi havikielezi. Kwetu Meru na kwao Embu, muthoni hapingwi. Ukialikwa kwake na chakula kimeungua, unakula na kusifu. Akikosea njia, unatembea naye hadi mwisho wa njia hiyo mbaya, na mnageuka pamoja kama watu walioamua kutembea tu. Mtu anayemkosoa mkwewe mbele za watu amejivua nguo. Hayo ni mambo mazuri, na nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake. Lakini daraja halijui ukwe.

Jeshi lilikuwa na utaratibu wake: ndugu au wakwe wasiwe chini ya amri moja. Nilijaza fomu ya kuomba mmoja wetu ahamishwe. Niliijaza yote, nikaitia sahihi, nikaiweka kwenye droo. Nilijiambia nitaipeleka msimu wa mvua ukiisha. Ukweli ni kwamba nilitaka kuendelea kuwa na sajini bora kuliko wote kikosini, na niliona uchungu kumpa mtu mwingine zawadi ile.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Kwanza likatoweka lile jina la kijana. Halafu baada ya kugonga hakutoa tena hukumu, akawa anauliza, "Unaonaje, afande?" Nami nilikuwa nasema ninavyoona, naye anaitikia. Bahati yangu mbaya ni kwamba mara nne au tano hivi niliona sawa. Niliufurahia ule ukimya wake. Nilidhani nimekomaa.

Kisha ikaja mvua ya mwaka ule. Mto mmoja katika nyanda za chini, upande wa Mbeere, ulibeba daraja la raia usiku mmoja na kuacha vijiji kadhaa ng'ambo bila soko wala zahanati. Tulifika asubuhi. Malori ya chakula yalikuwa tayari yamepanga foleni, na mkubwa wetu alikuwa amesema atafika saa sita kutazama daraja likivuka. Nilichagua mahali karibu na barabara ya zamani, kwa sababu pangetuokolea nusu siku. Juu kidogo palikuwa na mwamba, lakini kufika kule kungehitaji kukata njia.

Nyaga alikwenda na mtaimbo wake mahali pa rola ya kulia. Akagonga mara tatu, kama kawaida yake. Hata pale nilipokuwa, hatua kumi hivi, nikiandika kwenye daftari, niliisikia sauti. Haikuwa sauti ya udongo mgumu. Ilikuwa kama kupiga gunia la unga ulioloa. Sikuinua kichwa. Nilimuuliza vipi, sajini.

Askari wote walikuwa wamesimama, wanangoja.

"Kama wewe umeona ni sawa, afande, ni sawa," akasema.

Nilikuwa nimekaa na mtu yule kwa miaka mitatu. Nilijua hukumu zake zote mbili, na hii haikuwa mojawapo. Nikasema basi tuanze.

Saa tano daraja lilikuwa limetoka theluthi mbili juu ya maji. Rola ya kulia ikazama. Haikuzama kwa kishindo, ilishuka kama mtu anayeketi, na chuma chote kikalala upande wa kulia. Watu waliruka. Askari Mugambi, kijana wa Tharaka aliyekuwa ameshika wenzo pembeni ya rola, hakuwahi. Kipande kimoja kilimbana mguu wa kushoto. Wa kwanza kumfikia alikuwa Nyaga. Aliingiza mtaimbo wake chini ya kile chuma na kukiinua, peke yake, kwa muda uliotosha wengine kumvuta Mugambi. Mguu ulikatwa chini ya goti wiki ile ile.

Likaundwa baraza la uchunguzi. Maofisa watatu, meza ndefu, jagi la maji. Walimuuliza Nyaga nani alikagua ukingo. Akajibu, mimi. Walimuuliza kama alitoa taarifa kwamba udongo ni mbaya. Akajibu, sikutoa. Walimuuliza ana la kuongeza. Akasema hana.

Kisha wakaniita mimi. Wakaniuliza: je, sajini alikuonya?

Nikajibu, "Hapana, bwana."

Hapakuwa na neno la uongo katika chumba kile. Hakuna karatasi ninayoweza kuwaonyesha iliyoghushiwa. Nilichofanya ni kutosema kwamba niliisikia ile sauti, kwamba nilijua maana ya jibu lake, na kwamba ndani ya droo yangu kulikuwa na fomu iliyokuwa imelala kwa miezi saba. Nyaga hakunitazama. Muthoni hamtazami muthoni akiaibika. Walimvua utepe mmoja wa cheo na mwaka uliofuata akaondoka jeshini bila gwaride la kuagwa. Asubuhi alipoondoka niliukuta mtaimbo wake umeegemezwa kwenye mlango wa ofisi yangu, umepakwa grisi vizuri. Niliubeba katika kila uhamisho. Kuna waliodhani ni ushirikina.

Miaka ikapita na mimi nikawa mkwe mwema. Kila Krismasi tulikwenda Manyatta. Mzee alinipa kiti kizuri, akaniita muthoni, akakubaliana nami katika kila kitu. Ningesema kahawa ikatwe, angeikata. Mwaka mmoja nilimwambia apande miche ya makadamia kwenye lile bonde lake lenye kinamasi. Akaipanda. Ikafa yote, na akanishukuru kwa ushauri. Wawira alikuwa akitazama pembeni. Ningetoa chochote nisikie yule mzee akiniambia mara moja tu kwamba nimekosea. Sikuwa na haki ya kumwomba, kwa sababu ningelazimika kuanza na lile jambo lingine.

Miaka mingi baadaye nilitumwa katika kikosi cha kulinda amani, nchi moja ya magharibi mwa Afrika. Kitengo cha wahandisi kiliongozwa na meja kutoka Sweden aliyeitwa Henrik, mtu mrefu mwenye madoadoa usoni, aliyekunywa kahawa kana kwamba imo katika amri za siku. Alikuwa na desturi iliyonikera. Kabla ya kila kazi aliwaketisha watu wote kwenye duara, akaanza kuuliza na yule mwenye cheo cha chini kabisa, akipanda, na yeye mwenyewe akawa wa mwisho. Niliona ni utovu wa nidhamu. Askari wa juzi anamwambia meja kwamba mpango wake una kasoro, na meja anaandika!

Mchana mmoja, tukingoja vipuri, nilimsimulia habari ya Nyaga. Niliisimulia kama hadithi ya mila zetu, nikitarajia acheke kidogo na kusema Afrika ina mambo. Hakucheka. Aliniuliza kama nilielewa sajini wangu alimaanisha nini siku ile. Nikasema nilielewa.

"Basi alikuonya," akasema, na kujimiminia kahawa.

Nilimchukia kwa wiki nzima. Wiki ya pili nilianza kukaa katika lile duara masikio yakiwa wazi. Niliporudi nyumbani nilileta desturi hiyo kikosini, na ndicho kile kikao mnachokiita cha kanali, ambacho najua wengine mnakichukia kwa sababu kinachelewesha chai. Mliniuliza mara nyingi nilikitoa wapi, nami nikawajibu nimesoma mahali. Sasa mnajua. Wanajeshi wa Henrik walifundishwa kusema. Wetu wanahitaji kuulizwa, na kuulizwa huku umeinua kichwa.

Niliyoandika hadi hapa nisingeyaandika kama si maharagwe. Mwezi wa nne baada ya kustaafu nilikwenda Gakoromone, soko la Meru mjini, kununua mbegu. Nikiwa nainama kwenye gunia nikasikia mtu akisema, "Afande, hiyo ni ya kula. Ya kupanda iko nyuma." Niliinua kichwa. Alikuwa Mugambi, kichwa kimekuwa cheupe, mguu wa bandia umetokeza chini ya suruali. Amekuwa na kibanda pale kwa miaka mingi na wanawe wawili wamesoma kwa maharagwe. Aliniletea kigoda. Tulizungumza habari za watoto, halafu akasema jambo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mimi na wewe hatuna shida, afande. Ni yule sajini wa Embu. Huyo nilimuombea mabaya miaka mingi, hata nikiwa kanisani."

Alikuwa ametumia karibu miaka thelathini akimchukia mtu aliyemwinulia chuma. Nilikuwa nimestaafu, hakuna baraza lililobaki la kuniogopesha, na bado ulimi ulikuwa mzito. Nikamwambia. Nilimwambia pale pale kati ya magunia: sauti, jibu, droo. Aliendelea kufunga mdomo wa gunia hadi kamba ikaisha.

"Kwa hivyo nimekuwa nikichukia mtu si yeye," akasema.

"Ndiyo."

"Ako hai?"

Nilimwambia yuko hai, Manyatta.

"Anajua umeniambia hii maneno?"

"Bado."

"Basi leo sikuuzii kitu. Enda kwake kwanza. Na uandike, isibaki maneno ya soko."

Niliandika kwa majuma matatu. Wawira alizisoma kurasa hizi mezani jikoni, moja baada ya nyingine, akiziweka kifudifudi. Alipomaliza alisema, "Umechelewa." Kisha akaenda kunitafutia bahasha kubwa.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea mzee. Niliuchukua na ule mtaimbo. Manyatta ilikuwa na baridi na ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka hadi kwenye kahawa. Mzee Nyaga sasa ana zaidi ya miaka sabini, mabega bado ni yale, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alinionyesha kiti kizuri. Nilikaa kwenye kigoda. Alitazama mtaimbo niliouegemeza mlangoni, akafungua bahasha.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Chai yangu ikapoa. Alipofika kwenye kiatu mtoni alitabasamu. Alipofika kwenye baraza la uchunguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kusoma mara ya pili. Alipomaliza ukurasa wa mwisho niliokuwa nimeandika, alirudi nyuma, akatafuta mahali fulani, akanyoosha mkono.

"Kalamu."

Nikampa. Alichora mstari chini ya neno moja na kunigeuzia karatasi.

"Hapa umeandika tatu."

"Ndiyo, baba. Ulikuwa unagonga mara tatu siku zote."

"Siku zingine zote. Siku hiyo niligonga nne."

Nje kulikuwa na kuku anayechakura kwenye majani makavu.

"Ya nne haikuwa ya udongo," mzee akasema. "Mdomo wangu ulikuwa umefungwa na uthoni. Mkono haukuwa umefungwa. Niligonga kwa nguvu, ndio uinue kichwa." Akaikunja ile karatasi na kunirudishia kifuani, kwa mkono mmoja. "Kijana, hapa hapana. Andika tena."

Nililia, na sitawaficha, mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Yeye hakugeuka pembeni kama muthoni. Alinitazama hadi nilipomaliza. Kisha aliinuka, akauchukua mtaimbo wake mlangoni, akaupima mkononi kwa vidole, na kuniambia twende nje nikamwonyeshe vizuri ni mjinga gani aliyemwambia apande makadamia kwenye kinamasi.

Basi ninyi vijana, rudini katika ukurasa wa mvua ile na mfute neno tatu. Zilikuwa nne. Ile ya nne niliisikia, nikasimamisha kalamu, kisha nikaendelea kuandika.